Nimonia au Pumu? Historia ya Maambukizi ya Njia ya Hewa, Mzio na Kuhesabu Pumzi: Mtazamo kutoka Sitalike, Mkoani Katavi

Utangulizi

Sitalike ni kijiji kilicho yapata kilomita 35 kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya Mto Katuma, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wageni wengi hukifahamu kwa sababu ya viboko wanaosongamana katika madimbwi ya mto huo kiangazi kinapokolea. Kwa mama anayelea mtoto mwenye kifua kibaya, majira ya kijiji hicho yana maana nyingine. Kuanzia Mei hadi Oktoba nyasi hukauka, moto huteketeza misitu ya miombo, na vumbi la barabara huingia hadi vyumbani. Mvua zinapoanza Novemba vumbi hutulia, lakini watoto hukusanyika ndani penye moshi wa kuni, mafua hupita nyumba hadi nyumba, na magodoro hushika unyevu. Mtoto yule yule aweza kukohoa katika majira yote mawili kwa sababu mbili tofauti, au kwa sababu mbili zilizoungana.

Mtoto wa namna hiyo akifikishwa kwenye zahanati yoyote ya kijijini nchini Tanzania, mhudumu humfunua kifua na kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja. Hesabu hiyo ndogo ina historia ndefu. Imeokoa maisha ya watoto wengi, na papo hapo imeuficha ugonjwa mmoja nyuma ya mwingine. Hoja ya msingi hapa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 maambukizi na mzio vilielezwa kama mambo mawili yasiyokutana. Huduma za afya za Afrika Mashariki zikajengwa juu ya maambukizi peke yake. Na pumu ya mtoto wa kijijini, ambayo mara nyingi huchochewa pale mambo hayo mawili yanapokutana, ikatibiwa kwa jina la nimonia.

Nchi ya mbung'o

Kumbukumbu za afya za magharibi mwa Tanganyika ni kumbukumbu za malale. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, kwa ushauri wa daktari wa malale George Maclean, iliwahamisha watu waliokuwa wametawanyika katika miombo na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili kuwaepusha na mbung'o. Misitu iliyoachwa wazi ikawa ya wanyama, na sehemu yake ndiyo iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwaka 1974. Malale yalipata maofisa wake, ramani zake na sheria zake. Kikohozi hakikupata hata kimoja kati ya hivyo, ingawa hakuna kaya ambayo hakikuifikia.

Mambo yaliyofuata yaliendeleza mkusanyiko huo wa watu kwa njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili reli ya tawi ilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na wengine Mishamo mwaka 1978. Kati ya 1973 na 1976 uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa ulizisogeza nyumba karibu na nyumba. Wafugaji wa Kisukuma walizidi kuja kutoka kaskazini na kuungana na Wakonongo, Wapimbwe, Wabende na Wafipa. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ardhi na siasa, lakini ni historia ya pumzi pia. Virusi vya njia ya hewa haviwezi kudumu kwa muda mrefu katika kaya chache zilizotengana; vinahitaji watoto wapya wa kuwaambukiza, shule, minada na mabasi.

Uwezo wa virusi hivyo kufika mbali umeonekana karibu na Katavi kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa katika Milima ya Mahale, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na wachunguzi walikuta ndani ya miili ya wanyama hao kirusi chenye asili moja na metanyumovirusi ya binadamu. Ikiwa mafua ya watu yaliweza kupenya hadi katika msitu ule, kijiji kilicho kwenye barabara kuu hakingeweza kubaki salama.

Nadharia mbili za pumu

Kiswahili kilikuwa na majina ya kutosha kabla ya fomu za hospitali. Kichomi ni maumivu makali ya kifua pamoja na homa. Kifaduro ni kikohozi cha mfululizo cha watoto. Mkamba ni kikohozi cha mirija. Na pumu, neno lenye ukoo na pumzi na kupumua, ni ule ugonjwa unaokuja na kuondoka, unaombana mtu usiku na kumwachia asubuhi. Tofauti kati ya kichomi na pumu ilikuwa wazi kwa wazungumzaji wa kawaida. Ajabu ni kwamba tofauti hiyo ilififia baadaye katika utaratibu wa kitaalamu.

Huko Ulaya na Marekani wataalamu walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha pumu. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, alibuni neno la kuelezea hali ya mwili kuitikia isivyo kawaida kitu ulichokwisha kukutana nacho. Ndiyo hali iitwayo mzio kwa Kiswahili cha leo. Mwaka 1918 Francis Rackemann wa Boston aliwagawa wagonjwa wa pumu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa na pumu itokayo nje, yaani inayoletwa na chavua, manyoya au vumbi; la pili lilikuwa na pumu ya ndani, ambayo wengi walidhani asili yake ni maambukizi. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kufundisha, ndiyo maana uliishi muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Upande wa mzio uliendelea kupata ushahidi. Mwaka 1921 Carl Prausnitz alijidunga chini ya ngozi majimaji ya damu ya mwenzake Heinz Küstner, ambaye hakuweza kula samaki bila kudhurika. Kisha alidunga mahali hapo hapo dondoo la samaki, na ngozi yake ikavimba. Ilidhihirika kwamba ndani ya damu kuna kitu kinachobeba mzio. Kitu hicho kilitambuliwa tu katika miaka ya 1966 na 1967, na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, na Gunnar Johansson na Hans Bennich nchini Sweden, nacho kikapewa jina la IgE mwaka 1968. Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kinachowadhuru wagonjwa wengi katika vumbi la nyumbani ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaoishi kwenye matandiko na kupenda unyevu.

Upande wa maambukizi nao haukulala. Mwaka 1956 kirusi kipya kilipatikana kwa sokwe waliokuwa na mafua katika maabara moja nchini Marekani. Mwaka uliofuata Robert Chanock alikikuta kwa watoto wachanga wa Baltimore. Ndicho kiitwacho RSV, ambacho leo kinajulikana kuwa chanzo kikuu cha nimonia kali ya watoto wachanga duniani. Rinovirusi, virusi vya mafua ya kawaida, vilipatikana kipindi hicho hicho na kwa miongo kadhaa vikadharauliwa kuwa ni vya pua tu.

Bagamoyo na hesabu ya pumzi

Mambo yaliyoamuliwa katika miaka ya 1980 ndiyo yaliyofika vijijini. Nimonia ya bakteria ilikuwa ikiua watoto kwa wingi, eksirei zilikuwa chache, na madaktari walikuwa mbali. Frank Shann, aliyefanya kazi Papua New Guinea, alionyesha mwaka 1984 kwamba mhudumu asiye na kifaa chochote anaweza kutambua nimonia kwa kuangalia mambo mawili: kasi ya pumzi na kubonyea kwa kifua. Shirika la Afya Duniani lilijenga juu ya kazi hiyo kanuni ambayo wahudumu wengi wanaijua kwa moyo: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5. Anayefikia kiwango hicho apewe antibiotiki.

Tanzania haikuwa mpokeaji tu wa fikra hiyo. Katika Wilaya ya Bagamoyo, mradi ulioongozwa na F. D. E. Mtango na D. Neuvians uliwatuma wahudumu wa afya wa vijiji kwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na vidonge vya kotrimoksazoli. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1986, yalionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikipungua kwa zaidi ya robo. Miaka kumi baadaye hesabu ya pumzi iliingizwa katika mwongozo mpana wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, na wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zikawa kati ya mahali pa kwanza kuutumia na kuupima. Vifo vya watoto huko vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 vikilinganishwa na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga.

Ni kosa, basi, kuikosoa kanuni ile kana kwamba haikuwa na tija. Ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Udhaifu wake ulikuwa wa aina nyingine: mtoto mwenye pumu hupumua haraka pia, na kifua chake hubonyea pia. Tofauti iko kwenye mlio mwembamba kama mluzi anapotoa pumzi, katika historia ya vipindi vilivyotangulia, na katika kupata nafuu haraka anapopewa dawa ya kutanua mirija. Kuhesabu hakusikii mluzi.

Kwa nini udhaifu huo haukuonekana mapema? Sababu mojawapo ni imani iliyoenea kwamba pumu haimo vijijini Afrika. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Utafiti wa Van Niekerk na wenzake, uliotolewa mwaka 1979, ulikuta kubanwa kwa mirija baada ya mazoezi kwa asilimia 3.17 ya watoto wa Kixhosa waishio Cape Town, lakini asilimia 0.14 tu kwa wenzao wa Transkei. Miaka ishirini baadaye picha ilikuwa tofauti. Ng'ang'a na wenzake walipowapima watoto wa shule nchini Kenya na kutoa matokeo mwaka 1998, walikuta hali hiyo kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi, na kwa asilimia 13.2 ya watoto wa Murang'a. Mji ulikuwa bado mbele, lakini shamba halikuwa tena mahali pasipo na pumu.

Minyoo na kinga

Madaktari waliofanya kazi Tanzania waliliuliza mapema swali ambalo Ulaya ililigeukia baadaye. Mwaka 1976 na 1977 F. Carswell na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu vimelea, IgE na pumu kwa watoto wa Tanzania. Swali lilikuwa zito: IgE hupanda sana kwa mtu mwenye minyoo, kama ndiyo kingamwili ya mzio, mbona watoto wengi wenye IgE nyingi hawana pumu? Mwaka 1989 David Strachan wa London alionyesha kwamba watoto wa Uingereza wenye ndugu wengi wakubwa hawakuugua sana mzio wa chavua, akahisi kuwa maambukizi ya utotoni huenda yanaufundisha mwili uvumilivu. Kutokana na hapo minyoo, uchafu na mifugo vikaanza kutajwa kama walinzi.

Uganda imeijaribu nadharia hiyo kwa makini kuliko nchi nyingi. Huko Entebbe, wanawake wajawazito zaidi ya 2,500 waliingizwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Watoto wa waliopewa albendazoli walipata ukurutu zaidi utotoni. Ushahidi huo uliipa nguvu nadharia ya minyoo. Lakini katika visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Viktoria, kutibu jamii nzima kwa dawa nyingi zaidi kwa miaka mitatu hakukuongeza mzio wala milio ya kifua. Na Harriet Mpairwe alipochunguza watoto wa shule wa eneo la Entebbe, jambo lililojitokeza lilikuwa mahali mtoto alipoishi miaka mitano ya mwanzo: aliyekulia mjini alikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wa kijijini. Minyoo, kwa hiyo, si jibu la peke yake, na anayesema kwamba watoto wa Katavi wanalindwa na safura anarahisisha mambo kupita kiasi.

Virusi na mzio katika mrija mmoja

Mgawanyo wa Rackemann ulianza kuporomoka maabara zilipopata njia za kutambua vinasaba vya virusi. Mwaka 1995 Sebastian Johnston na wenzake, waliowafuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11 huko Southampton, walikuta virusi katika takribani asilimia 80 ya vipindi ambavyo pumu ya watoto hao ilizidi. Vingi vilikuwa rinovirusi, vile vile vilivyodharauliwa. Mwaka 2002 watafiti wa Manchester waliongeza jambo la maana: mtu mzima mwenye pumu aliyekuwa na mzio, aliyekuwa akivuta kizio chake nyumbani, na aliyekuwa na kirusi kwa wakati mmoja, ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa ya kulazwa. Mzio na kirusi vilizidishana nguvu.

Namna inavyotokea sasa inaeleweka kwa kiasi. Utando unaofunika ndani ya mirija ya hewa ni ukuta na mlinzi kwa pamoja. Kirusi kinapoingia, seli zake hutoa interferoni inayozuia kirusi kuzaliana, na hutoa pia ishara za hatari zinazoziita seli za kinga. Kwa mtoto asiye na mzio, vita hiyo huisha kwa siku chache. Kwa mwenye mzio, ishara hizo huamsha seli ambazo tayari zimeelekezwa kupambana na utitiri au chavua: esinofili hujaa, makamasi huongezeka, misuli ya mirija hukaza. Zaidi ya hayo, IgE iliyoshikamana na baadhi ya seli za kinga hupunguza uwezo wake wa kutoa interferoni, hivyo kirusi hupata nafasi zaidi. Utitiri nao hutoa vimeng'enya vinavyolegeza maungio ya ukuta ule. Ushahidi wenye nguvu ulitoka Marekani mwaka 2011: watoto wa mijini wenye pumu waliopewa dawa inayofunga IgE walipungukiwa hasa na vipindi vikali vya msimu wa mafua. Dawa ya mzio ilikuwa imepunguza madhara ya kirusi.

Je, kirusi huanzisha pumu au hufichua tu iliyokuwepo? Huko Wisconsin, watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa, ambao walipata mlio wa kifua kutokana na rinovirusi katika miaka mitatu ya mwanzo, walikuwa na uwezekano karibu mara kumi wa kuwa na pumu walipofika miaka sita. Kwa RSV ongezeko lilikuwa dogo zaidi. Watafiti bado wanagawanyika, na huenda majibu yote mawili ni ya kweli kwa watoto tofauti. Kwa mtoto wa Sitalike, moshi wa jikoni huongeza jambo la tatu, kwa kuwa hudhoofisha vile vinyweleo vya mirija vinavyosukuma makamasi na vijidudu nje.

Baada ya chanjo

Hesabu ya pumzi ilitungwa katika dunia ambamo bakteria ndio walioua zaidi. Dunia hiyo imebadilika, na Tanzania imebadilika nayo. Chanjo dhidi ya Hib iliingizwa katika chanjo za watoto mwaka 2009, na ile ya nimokokasi mwaka 2013. Kile kinachobaki nyuma ya pumzi za haraka si kile kile cha wakati wa Shann. Utafiti mkubwa wa nchi saba, ambamo Kilifi iliwakilisha Kenya, ulikadiria mwaka 2019 kwamba virusi vilisababisha takribani asilimia 61 ya nimonia kali zilizothibitishwa kwa eksirei, RSV peke yake ikiwa karibu theluthi moja. Nchini Tanzania kwenyewe, watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini kati ya hao ni asilimia 5 tu waliokuwa na nimonia iliyoonekana kwenye picha.

Takwimu inayogusa zaidi mada hii ni ya Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, Rebecca Nantanda na wenzake waliwachunguza upya watoto 614 wa chini ya miaka mitano waliofika na kikohozi na shida ya kupumua. Kiasi cha asilimia 41 walikuwa na pumu. Wachache sana kati yao walikuwa wameambiwa hivyo kabla. Kama hali iko hivyo kwenye hospitali ya rufaa ya jiji kuu, yenye madaktari bingwa wa watoto, si vigumu kufikiri mambo yalivyo mahali ambapo mhudumu mmoja ana foleni ya malaria, chanjo na wajawazito asubuhi hiyo hiyo.

Gharama ya kukosea jina si ya karatasi tu. Mtoto hupewa amoksilini, na kwa kuwa kipindi cha pumu kinachochochewa na kirusi hupungua chenyewe baada ya siku kadhaa, mzazi huamini kuwa dawa imemponya. Mvua zijazo hurudi tena kwa dawa ile ile. Miaka hupita bila mtoto kupata dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa mirija, anakosa shule, na jamaa huanza kumwita mtoto wa kifua dhaifu. Bakteria nao huzidi kuzoea antibiotiki zilizotolewa bila haja.

Mwongozo wenyewe ulikwisha kurekebishwa. Unamtaka mhudumu anayesikia mluzi ampe kwanza mtoto salbutamoli ya kuvuta, hadi mara tatu, kwa nafasi ya dakika 15 hadi 20, kisha ahesabu upya ndipo aamue kama ni nimonia. Hatua hiyo ni ndogo kwa maandishi, lakini inahitaji pampu iliyojaa, muda wa karibu saa moja, na chombo cha kumsaidia mtoto mdogo kuivuta dawa. Kuhusu chombo, kikwazo kiliondolewa zamani: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili pampu ishikane nayo vizuri, hufanya kazi sawa na chombo cha kununua dukani. Chupa za namna hiyo hutupwa kila siku pembezoni mwa barabara ipitayo Sitalike. Pampu ndiyo inayopaswa kuletwa, ikiwa imejaa, kabla mvua za Novemba hazijaanza.